Kadi ya Muuguzi wa Zamu

Chumba chetu sasa ni saluni. Mwezi uliopita nilipanda zile ngazi za mbao pale Mosocho pamoja na Atieno, goti langu likilalamika kila hatua, tukakuta mahali palipokuwa na meza yetu pana kiti cha kuoshea nywele. Msichana mwenye kitana mkononi akatuuliza kama ni mama anayetaka kusukwa au ni mzee anayetaka kutiwa rangi kwenye mvi. Atieno alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nautafuta kwa macho ule msumari tuliokuwa tukitundikia kalenda. Ulikuwepo, sasa umetundikiwa kioo, na ndani ya kioo nikamwona mzee mmoja aliyesimama kama mtu aliyekosea nyumba. Sikutegemea kwamba ningeumia. Mtu hulilia shamba, hulilia ng'ombe. Mimi nilikuwa nataka kulilia chumba cha kupanga, tena cha juu ya duka la dawa za mifugo.

Watu wengi mwaka uliowaunda ni wa ujana, walipokuwa na ndevu tatu na njaa nyingi. Mimi wangu ulinikuta na miaka hamsini na tisa, nimestaafu kwenye stoo ya kiwanda cha majani chai, nimejiandaa kukaa nyumbani Kebirigo nikigombana na kuku. Ndipo Atieno akaja. Ni binti wa upande wa ziwa, fundi wa programu za kompyuta, na wakati ule alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Zamani, akiwa mwanafunzi, aliletwa kiwandani kwetu kujifunza kazi, na huko akaziona kadi zangu. Kila kifaa cha stoo nilikuwa nimekiandikia kadi kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa sababu mafundi walitoka kila mahali na si wote waliojua Ekegusii. Kadi ya jeki ilisema: Hii ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ukishainua, weka gogo kabla hujaingia chini. Kadi ya spana kubwa ilisema: Ni ya mashine ya kukaushia peke yake. Ukiipeleka kwingine utaharibu nati, na nitakujua. Atieno aliketi barazani kwangu, akaniuliza, "Baba, bado unaandika zile kadi?" Nikamwambia, "Nimwandikie nani, jogoo?" Akasema kuna mmoja anayezihitaji kuliko mafundi wote niliowahi kuwaona, kwa sababu huyo hana macho, hana mikono, na hajawahi kuingia stoo yoyote.

Huyo mmoja alikuwa msaidizi wa akili unde. Kina mama wajawazito wa huku kwetu na wa kule ziwani walikuwa wakituma ujumbe kwenye namba moja, naye anawajibu. Lakini kujibu peke yake ni maneno matupu; ili afanye kitu, alipewa vifaa. Kimoja kilikuwa cha kumpangia mama siku ya kliniki, kimoja cha kukumbusha siku za chanjo, na kimoja cha kumpigia simu muuguzi wa zamu saa hiyo hiyo. Vifaa vyenyewe havioni. Anachokiona ni maelezo yaliyoandikwa juu ya kila kimoja, na kwa maelezo hayo tu anaamua ashike kipi. Ukiyaandika ovyo, atashika ovyo, tena kwa ujasiri mkubwa. Atieno aliyaita maelezo hayo kadi, kwa kunistahi, na mpaka leo jina lingine silijui.

Nilikipenda kile chumba tulichopanga cha kufanyia kazi tangu siku ya kwanza. Kilinuka dawa ya kupe na mbegu za mahindi zilizotiwa dawa, harufu iliyopanda kutoka dukani kupitia nyufa za sakafu. Saa nane mchana mvua ya Kisii ilikuwa haikosi, na ikipiga lile bati hatukuweza kusikizana, basi tulikuwa tunanyamaza na kula. Mimi ni Msabato, na ndiyo kusema nimefanya kazi miaka thelathini kwenye chai bila kuionja. Birika letu lilinichemshia maji ya moto, na Atieno akajitilia majani yake huku akiniangalia kwa huruma. Mke wangu, Kwamboka, alinifungia obokima, ugali wa wimbi, na chinsaga, ile mboga chungu iliyolala kwenye maziwa. Atieno alileta samaki. Ngege alikuwa wangu, kwa sababu ana magamba na Maandiko yanamruhusu. Kamongo, asiye na magamba, alikuwa wake, na alimla akiwa amenigeuzia mgongo kidogo ili nisikwazike. "Hata harufu ni dhambi, Baba?" aliuliza. Nikamwambia harufu ni majaribu tu. Sijawahi kula na mtu ambaye si wa nyumba yangu kwa muda mrefu hivyo, na sasa nikipewa samaki popote, hata awe mzuri vipi, najua hakutoka kwenye kile chombo chake cha plastiki chenye kifuniko cha bluu.

Kazi yenyewe ilikuwa kama mchezo, na nitakuwa mwongo nikisema sikuupenda. Nikishaandika kadi, Atieno alikuwa ananiambia, "Haya, sasa wewe ndiye msaidizi. Hujazaliwa na mtu. Hujawahi kuona ng'ombe. Unajua kilichoandikwa hapa, basi." Kisha ananisomea ujumbe wa kubuni, nami nachagua kifaa. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: Hupanga miadi. Akaniuliza miadi ya nani, ya wapi, na kama mama hakutaja kijiji itakuwaje. "Si atamuuliza," nikasema. "Umemwambia amuulize?" Sikuwa nimemwambia. Niliichana, nikaanza upya, na baada ya siku tatu ilikuwa kadi ya kujivunia: Kifaa hiki humpangia mama mjamzito siku ya kuja kliniki, anapojisikia hayuko sawa au anapotaka kuonwa. Kabla ya kukitumia, uliza kijiji na miezi ya mimba. Kitakurudishia siku na saa. Mwambie mama zote mbili. Atieno aliisoma kwa sauti, akapiga meza kwa kiganja, akasema hivi ndivyo watu wanavyopaswa kuzungumza. Nilirudi Kebirigo siku hiyo nikitembea kama bwana harusi.

Kisha nikafika kwenye kadi ya muuguzi wa zamu, na hapo kalamu ikakwama. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni, haya na heshima zinazowekwa kati ya watu ili kila mmoja akae mahali pake. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkamwana hampi baba mkwe mkono, wala mambo ya mwili hayatajwi kati yao, hata kwa mbali, hata kwa mafumbo. Nimekulia humo na sikuona aibu nayo, wala leo sioni. Basi niliandika: Kifaa hiki ni cha mambo mazito ya kina mama. Atieno akaisoma mara mbili.

"Mambo gani, Baba?"

"Mambo. Si unayajua."

"Mimi nayajua. Yeye hayajui."

"Ataona ni mazito."

"Mazito kama gunia?" Akavuta kiti karibu, akasema polepole, "Andika damu. Andika maji kuvunjika, andika mtoto kuacha kucheza. Yeye hana mkwe, Baba, hana wa kumwonea haya. Na ni Kiswahili, si lugha uliyonyonya, haitakuunguza." Nilimwambia mimi ni mzee wa kanisa, na kuna maneno ambayo mtu wa umri wangu haandiki akiwa ameketi na binti wa umri wake. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Baba," akaiingiza kadi kama ilivyokuwa. Mvua ikaja, tukala.

Miezi ikapita na hakuna lililoharibika, au tulidhani hivyo. Mkamwana wangu, Moraa, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwanangu alikuwa kazini Nairobi. Kwamboka ndiye aliyemwandikisha kwenye ile namba, akijisifu kwa majirani kwamba mzee wake ndiye anayemfundisha yule mtu wa kwenye simu. Jumapili moja Kwamboka akaenda Magwagwa kumzika dada yake, akasema atarudi Jumanne. Bomani tukabaki mimi na Moraa, kila mtu na nyumba yake, na katikati migomba. Jumanne alfajiri, nikienda kazini, nilipita mbele ya mlango wake. Ulikuwa umefungwa. Nikasalimu nikiwa njiani kama kawaida, "Bwakire buya," naye akaniitikia kutoka ndani. Sauti ilikuwa ndogo. Niliisikia kwamba ni ndogo. Hilo sitalikana mbele ya Mungu wala mbele yenu. Nilisimama pale, nikatazama mlango, nikafikiri jambo la kuuliza ambalo baba mkwe anaruhusiwa kuuliza, sikulipata, nikashika njia nikaenda Mosocho kuandikia kina mama kadi.

Kwamboka alirudi mchana ule akamkuta sakafuni. Majirani walimbeba mpaka barabarani, akafikishwa hospitali. Nilipofika mimi, mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje, viatu amevivua, akaniambia maneno manne tu: mama yuko, mtoto hayuko. Alikuwa wa kiume. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na mimi nilikaa barazani na wanaume tukizungumza juu ya bei ya avokado, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa. Wanasema majuto ni mjukuu. Nilikuwa nikiitaja methali hiyo maisha yangu yote bila kuisikia.

Niliporudi kazini nilimkuta Atieno hajagusa chai yake. Alikuwa na desturi ya kupitia ujumbe wote wa wiki kila Ijumaa, na alikuwa ameukuta. Akanigeuzia kompyuta. Jumatatu, saa moja asubuhi: Habari. Naitwa Moraa wa Kebirigo, nina mimba ya miezi saba. Leo siko sawa, naomba kuonwa. Chini yake msaidizi alikuwa amejibu vizuri sana, kwa adabu: Pole, mama. Nimekupangia kliniki siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Siku na saa, zote mbili, kama nilivyomfundisha. Alikuwa amesoma kadi mbili. Moja ilikuwa wazi, inasema hayuko sawa, inasema anataka kuonwa. Nyingine ilisema mambo mazito. Hata fundi mjinga kuliko wote niliowahi kumpa spana angeshika ile ile aliyoshika yeye. Naye Moraa, kwa kuwa aliambiwa Alhamisi, aliona kumbe si jambo la haraka, akalala akisubiri Alhamisi.

Nilikaa, nikachukua kalamu. Atieno aliniwekea maji ya moto karibu na mkono, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo, kama alivyokuwa akifanya kwa kamongo. Niliandika: Kifaa hiki humpigia simu muuguzi wa zamu sasa hivi. Kitumie mama mjamzito akitaja damu, hata kidogo, maji kuvunjika, maumivu makali ya tumbo, kichwa kinachouma na macho kuona giza, au mtoto kuacha kucheza. Akisema tu kwamba hayuko sawa, usimpangie siku. Kwanza muulize haya moja baada ya jingine, kwa majina yake, kwa sababu huenda anaona haya kuyataja. Ukiwa na shaka, piga. Nilimsomea kwa sauti mpaka mwisho. Tangu siku hiyo simu ya muuguzi ikawa inalia, na wapo kina mama waliopanda zile ngazi wakiwa na watoto mgongoni kuja kumwona yule anayejibu, wakakuta ni mzee na msichana na birika. Tuliwakaribisha. Mwisho wa mwaka wakubwa wa mradi waliuhamishia mji mwingine, Atieno akapata kazi mbali, nami nikabeba birika.

Lakini kulikuwa na jambo lililobaki nyumbani. Wiki chache baada ya mazishi nilikuwa nyuma ya jikoni nikipasua kuni, nikamsikia Moraa akimwambia mke wangu, "Mama, ni mimi niliyeandika vibaya. Wenzangu wanaandika wanaitiwa daktari. Mimi sikujua kuiandikia ile simu." Kwamboka akamwambia anyamaze, Mungu ndiye mpaji. Nilisimama na shoka mkononi. Ningeweza kuzunguka nyumba, hatua kumi, nikasema si yeye. Lakini kusema si yeye ni kutaja kadi, na kutaja kadi ni kutaja damu, mbele ya mkamwana. Nikapasua kuni. Miaka miwili nimepasua kuni, nikimwona akipita na kikapu chake cha majani chai, akiinama kidogo kunipisha, akibeba kosa langu kama mali yake. Hata alipompata mtoto mwingine, msichana, alikuwa akienda kliniki hata wakati hakuitwa, na Kwamboka akasema ni woga. Nilijua ni woga wa nini.

Hayo ndiyo niliyomweleza Atieno mwezi uliopita, tulipotoka kwenye ile saluni tukaketi hotelini chini. Alikuwa amekuja likizo, amenenepa kidogo, ana miwani. Aliagiza ngege wawili, wote wenye magamba, na hilo lenyewe lilinitia simanzi, maana ilikuwa kama amejifunza adabu za kigeni. Alinisikiliza mpaka samaki wakapoa. Kisha akasema, "Baba, na mimi nina langu. Ile kadi nilijua haifai. Siku ile ile nilijua. Ningeweza kuirekebisha ukishaondoka, ni dakika moja. Nikasema, nitamvunjia mzee heshima." Akavua miwani akaifuta kwa kitambaa cha meza. Sikumkasirikia. Nilihesabu tu: mimi nilikuwa na adabu, yeye alikuwa na adabu, na msaidizi wetu alijibu kwa adabu. Tulikuwa watu wazuri sana. Nilimshika mkono juu ya meza, nikamwambia nimekikosa kile chumba kila siku ya Mungu, nimemkosa yeye, hata yule kamongo wake. Akalia waziwazi, watu wakatuangalia.

Kesho yake asubuhi niliandika kadi. Niliiandika mara nne, na mara zote nne nilijifanya mtu asiyejua chochote, asiyezaliwa na mtu, nikauliza kama angeelewa. Kisha nikavuka migomba mpaka mlangoni kwa Moraa. Alikuwa amekaa ndani akichambua chinsaga, mtoto amelala. Aliponiona nimesimama kizingitini aliinuka haraka akatafuta kitambaa cha kichwa, akidhani nimeleta habari ya kifo. Sikuingia. Nilisimama nje, nikavaa miwani, nikasoma, kwa lugha yetu ya nyumbani: "Moraa, ujumbe wako ulikuwa sawa. Kadi iliyomwambia msaidizi ni lini amwite muuguzi niliiandika mimi, na niliiandika vibaya kwa kuona haya. Alikupangia Alhamisi kwa sababu yangu. Kosa si lako hata kidogo. Ni langu." Nikaikunja. Nikaitia mfukoni.

Moraa alikuwa bado na mboga mikononi. Akasema, akiniita baba kwa lugha yetu, "Tata, nilijua ni wewe unayesoma." Sikuelewa. "Ujumbe," akasema. "Mama alituambia wewe ndiye uko huko. Niliandika neno lenyewe, nikaona litafika kwako, nikalifuta. Nikaandika siko sawa."

Nilikuwa nimedhani najua uzito wa jambo hili. Nilishika mwimo wa mlango. Yeye akaweka mboga chini, akachukua kigoda, akakileta mpaka nje, akakiweka karibu yangu, akasema nikae. Nikakaa. Akaketi upande wa pili wa kizingiti, tukatazama migomba wote wawili, upande alikozikwa mtoto, ambako sijawahi kufika.

"Ilikuwa ni amanyinga, tata," akasema. Ni damu, kwa lugha yetu. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mkamwana, wala baba yangu hakuwahi. "Yalianza Jumatatu alfajiri, kabla hujaamka."

Sikuangalia pembeni. "Endelea," nikamwambia, na nikamsikiliza mpaka mwisho.